Daftari la mchezo wa ndege: dau, salio na pesa za kabini

Kabini yangu ya kutuma na kutoa pesa kwa simu iko Katuba, Lubumbashi, hatua chache kutoka mahali ambapo wauza makala, yaani mkaa, hupanga magunia yao. Kazi yenyewe ni ya kushika pesa za watu: asubuhi ninafungua nikiwa na kiasi fulani cha fedha mkononi na kiasi kingine ndani ya simu, na jioni jumla ya viwili hivyo lazima ilingane na ile ya asubuhi, pamoja na kamisheni yangu. Ninalitaja hilo mapema kwa sababu mtu wa kazi kama hii ndiye angepaswa kujua kuliko wengine namna ya kutunza mtaji, lakini ilinichukua zaidi ya mwaka kuelewa kwamba yale ninayoyafanya kabini kila jioni ndiyo niliyokuwa ninayaacha mlangoni kila nilipofungua kwenye simu yangu kasino ya kripto, yaani kasino ya mtandaoni inayopokea pesa za kidijitali kama Bitcoin.

Mchezo ninaousema ni ule ambao mimi na wenzangu tuliuita ndege, ingawa kwenye kasino nyingine ni roketi au mstari tu unaopanda. Unaweka dau, kizidishi kinaanza kwenye 1.00 na kupanda, na wewe unabonyeza kutoa wakati wowote kabla hakijaanguka. Ukitoa kwenye 2.00, dau lako linarudi mara mbili. Kikianguka kabla hujatoa, dau lote limekwenda. Mizunguko mingi huisha ndani ya sekunde chache, na mwingine huanza hapo hapo, kwa hiyo katika saa moja mtu anaweza kucheza mara 200 bila kuhisi kwamba amefanya jambo kubwa. Idadi hiyo ya mizunguko niliipuuza kwa muda mrefu, na nitairudia, kwa sababu ndani yake ndimo zilimopotelea pesa zangu nyingi.

Nilianza mwaka 2022 kwa kosa ambalo halikuwa hata la mchezo. Mwezi wa Mei niliweka dola 60 kwenye akaunti kwa njia ya Bitcoin, wakati bei yake ilikuwa karibu dola 38,000, halafu shughuli za nyumbani zikanizuia kucheza kwa wiki kadhaa. Nilipofungua akaunti baada ya katikati ya Juni, Bitcoin ilikuwa imeshuka chini ya dola 20,000, na salio langu lilikuwa limepungua karibu nusu bila ndege hata moja kuruka. Sisi wa Lubumbashi tunahesabu mambo makubwa kwa dola na madogo kwa franka, na tunajua vizuri maana ya pesa inayobadilika thamani ukiwa umelala. Tangu siku hiyo sikuweka tena mtaji wa mchezo isipokuwa kwa USDT, pesa ya kidijitali ambayo thamani yake inafuata dola. Hata hivyo, USDT nayo ina gharama zake: aliyeniuzia alichukua faida yake wakati wa kununua na tena wakati wa kumrudishia, na kila nilipotoa pesa kasino nilikatwa dola 1. Dola 1 ni kidogo kwa mtu anayetoa 200, lakini mimi nilikuwa ninatoa 10, na hiyo ni sehemu ya kumi ya pesa yangu, kubwa kuliko chochote ambacho mchezo wenyewe ungenikata kwa dau la kiasi hicho.

Njia yangu ya kwanza ilikuwa ya kutoa mapema. Niliweka dau la dola 1 na kutoa kwenye 1.20 kila mara, na kwa siku mbili tatu nilijiona nimepata kazi ya pili, kwa kuwa nilishinda mara nyingi sana na kupoteza mara chache. Sikujua wakati huo hesabu iliyo nyuma yake, ambayo ni nyepesi kiasi kwamba mtoto wa sekondari anaweza kuifanya. Kasino niliyokuwa ninachezea ilirudisha asilimia 97 ya pesa zinazowekwa. Katika michezo ya aina hiyo, uwezekano wa kizidishi kufika kwenye namba fulani unapatikana kwa kugawanya 0.97 kwa namba hiyo. Kufika 1.20 ni karibu mara 81 katika mizunguko 100, kufika 2.00 ni mara 48 au 49. Kufika 10 ni chini kidogo ya mara 10. Sasa chukua dola 1 kwa mizunguko 100 ukitoa kwenye 1.20. Utashinda senti 20 mara 81, yaani dola 16 na senti kidogo, na utapoteza dola 1 mara 19. Umebaki na pungufu la karibu dola 3. Fanya hivyo hivyo kwa 2.00, kisha kwa 10, na kila mara utafika kwenye dola zile zile 3. Namba ya kutolea inabadilisha umbo la hasara tu: kwa 1.20 inakuja kama pigo moja linalofuta ushindi wa mara tano, na kwa 10 inakuja kama ukame mrefu, maana mizunguko 20 au 30 mfululizo bila kufika 10 ni jambo la kawaida kabisa.

Nilipopigwa mara tatu karibu karibu na kupoteza ushindi wa siku nzima, niliachana na njia hiyo nikaingia kwenye ile ya kuzidisha dau, ambayo huenda ndiyo inayoenezwa kuliko zote. Unaanza na dau dogo, unatoa kwenye 2.00, ukipoteza unaweka mara mbili ya lililopita, na siku utakaposhinda umerudisha yote na kubaki na faida ya dau la kwanza. Nilianza na senti 50. Ngazi yake ni hii: 0.50, 1, 2, 4, 8, 16, 32. Ukipoteza mara saba mfululizo umeshatoa dola 63.50, na dau la nane linataka dola 64, ili hatimaye upate faida ya senti 50. Nilikuwa na dola 65 kwenye akaunti na niliamini kwamba kupoteza mara saba ni jambo la mikosi mikubwa. Kwa kweli kila ngazi unayoianza ina nafasi ya takriban moja katika 104 ya kuvunjika kwa mapigo saba. Moja katika 104 inaonekana ndogo mpaka ukumbuke kwamba saa moja ya mchezo ina mizunguko 200, na mizunguko hiyo inabeba karibu ngazi 100. Mtu anayecheza hivyo kwa saa moja anakutana na mapigo saba mara 6 katika kila saa 10 za aina hiyo, na mimi nilikuwa ninacheza saa mbili, tena usiku, nikiwa nimechoka.

Jumamosi moja ya Septemba 2022 ngazi yangu ilivunjika. Nakumbuka nilikuwa nimeketi kwenye kiti cha plastiki nje ya nyumba kwa sababu umeme ulikuwa umekatika na ndani kulikuwa na joto, sahani ya bukari, yaani ugali, na samaki ikiwa imeshapoa kwenye mapaja yangu. Dau la saba, la dola 32, lilianguka kwenye 1.61. Kwenye akaunti ilibaki dola 1 na nusu. Nilijiambia kwamba baada ya mapigo saba la nane haliwezekani, na nikafanya kitu ambacho sikuwahi kukifanya: nilichukua dola 70 za kabini zilizokuwa ndani ya simu nikamtumia muuza USDT, ambaye alijibu baada ya dakika chache. Dau la nane lilianguka kwenye 1.37. Jumla ilikuwa dola 127.50 zimeondoka kwa ajili ya kutafuta senti 50, na zaidi ya nusu ya pesa hizo hazikuwa zangu.

Jumatatu asubuhi alikuja mama mmoja mwenye meza katika soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, mteja wangu wa muda mrefu, kutoa dola 80. Nilimwambia, “Mama, naomba urudi saa nane, mfumo hauko vizuri.” Alinitazama kwa utulivu akasema, “Papa, ni falanga ya masomo ya mtoto, leo ndio siku ya mwisho.” Hakuongeza neno. Alikaa kwenye benchi, akaweka kapu lake kati ya miguu, akasubiri. Nilimpigia yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa, anayefanya kazi ya kubadili fedha mjini, nikamdanganya yeye pia kuhusu sababu, naye akanitumia kijana na noti nne za dola 20 zilizokunjwa ndani ya karatasi ya daftari. Mama alizihesabu, akaigeuza moja kutazama kama imechanika pembeni, akaniaga. Deni lile nililimaliza mwezi wa Desemba, na ukweli wake nilimwambia yaya baada ya kulilipa.

Hapo ndipo niliposema na mwalimu mmoja wa hisabati ambaye huja kabini kupokea pesa kutoka kwa dada yake aliyeko Kolwezi. Sikumwuliza namna ya kuacha, nilimwuliza namna ya kucheza vizuri. Alinisimulia usiku wa tarehe 18 Agosti 1913 katika kasino ya Monte Carlo, ambapo kigurudumu kiliangukia rangi nyeusi mara 26 mfululizo, na watu wakazidi kuweka pesa kwenye nyekundu wakiamini kwamba zamu yake imefika, mpaka wakapoteza mamilioni. Kigurudumu hakina kumbukumbu, alisema, na ndege yako haina. Kisha akanieleza juu ya John Kelly, mtaalamu wa Bell Labs aliyechapisha mwaka 1956 kanuni ya kukokotoa ni sehemu gani ya mtaji uiweke kwenye dau. Kanuni hiyo inataka kwanza ujue una faida kiasi gani juu ya mwenye mchezo, kisha inakuambia uweke sehemu inayolingana na faida hiyo. Tuliingiza namba za ndege: uwezekano wa 0.485 kwa malipo ya faida ya dola 1 kwa kila dola 1 ya dau. Jibu lilitoka chini ya sifuri. Nilimwuliza jibu la chini ya sifuri linamaanisha kuweka kiasi gani. Akafunika kalamu yake, akasema linamaanisha usiweke kitu.

Sikuacha siku hiyo. Nilichofanya ni kufungua daftari, na ninaamini kabisa kwamba daftari lile lilinifaa kuliko mbinu zote nilizokuwa nimezisoma. Wachezaji wengi wanaoandika, huandika walichoingiza na walichotoa. Mimi niliongeza safu ya tatu: jumla ya madau yote niliyoweka kwa kila kikao. Kwa miezi minne, kuanzia Januari hadi Aprili 2023, niliingiza dola 240 na kutoa dola 77, yaani nilipoteza 163. Ukitazama safu hizo mbili peke yake, utasema nimepoteza zaidi ya asilimia 67 ya pesa zangu, na utalalamika kwamba kasino inaiba. Lakini safu ya tatu ilionyesha dola 5,310. Dola 240 zilikuwa zimezunguka na kuzunguka, zikishinda na kuwekwa tena, mpaka zikawa madau ya dola 5,310, na 163 katika hizo ni asilimia 3 na kidogo. Kasino ilikuwa imechukua kile ilichotangaza. Asilimia 3 hukatwa kwenye kila dau linalopita, haikatwi mara moja kwenye pesa uliyoingiza, na kwa hiyo anayecheza mizunguko 1,000 kwa senti 50 analipia dola 500, hata kama mfukoni alikuja na 20 tu.

Jambo hilo lilibadilisha kabisa maana ya kutunza mtaji machoni pangu. Nilikuwa nikidhani kwamba ukigawa mtaji vizuri utaishia kupata faida. Kugawa mtaji hakukupi faida. Kunapanga tu utapoteza kwa kasi gani na pigo moja litakuumiza kiasi gani. Mtaji wa dola 50 wenye dau lisilobadilika la senti 50 unabeba madau 100. Kwa mizunguko 200 ukitoa kwenye 2.00 umezungusha dola 100, bei yake ya wastani ni dola 3, na bahati itakuyumbisha dola 7 hivi juu au chini ya hapo. Hicho ni kiasi ambacho mtu anaweza kukivumilia bila kukimbilia pesa za wengine. Mtaji ule ule kwa dau la dola 5 unabeba madau 10 tu, na mapigo sita mfululizo, ambayo si ya ajabu hata kidogo, yanakuachia dola 20 na mikono inayotetemeka. Mimi nilikaa kwenye dau la moja kwa mia la pesa niliyoanza nayo mwezi huo, na sikulipandisha niliposhinda wala nilipopoteza. Niligundua pia kwamba, kwangu mimi, kupunguza mizunguko kulikuwa rahisi kukushika kuliko kupunguza dau. Niliweka saa ya simu kwa dakika 20, na ilipolia nilifunga, hata kama salio lilikuwa juu. Hasa likiwa juu, kwa sababu vikao vyangu vibaya zaidi kwenye daftari vilikuwa vile vilivyoanza vizuri.

Niliacha pia kutoa kwa kidole. Siku moja mtandao ulikatika kizidishi kikiwa 1.80 na mimi nikisubiri 2.00, uliporudi, ndege ilikuwa imeshapita 3.00 na kuanguka, na dau langu lilikuwa limekwenda kwa kuwa kasino haikupokea amri yoyote kutoka kwangu. Namba ya kutolea ukiiandika mapema, inatekelezwa kwenye kompyuta za kasino, si kwenye simu yako, na kwa mji ambao umeme na mtandao hukatika kama wetu, hilo si jambo dogo. Faida yake nyingine ni kwamba inaondoa ule mvuto wa kusubiri kidogo zaidi, ambao, mkono ukiwa juu ya skrini, huwezi kuushinda kila mara.

Lazima niseme pia kuhusu wauzaji wa utabiri, kwa sababu binamu yangu mdogo aliwalipa dola 15 kwa programu inayodai kujua ndege itaanguka wapi. Kasino za kripto zilizo wazi hutangaza mapema alama ndefu ya herufi na tarakimu, iliyotengenezwa kwa njia iitwayo SHA-256 kutokana na siri ya mzunguko ambao bado haujachezwa. Mzunguko ukiisha, siri inafunuliwa, nawe unaweza kuipitisha kwenye njia ile ile na kuona kama inatoa alama uliyopewa mwanzoni. Nilimfundisha binamu yangu kufanya uhakiki huo kwa mizunguko 10, na yote ilikubaliana. Maana yake ni kwamba kasino haikubadilisha matokeo baada ya kuona madau. Maana yake nyingine ni kwamba hakuna awezaye kurudi nyuma kutoka kwenye alama mpaka kwenye siri, na kama mtu angeweza, asingeuza ujuzi huo kwa dola 15 kwa kijana wa Katuba. Lakini uhakiki huo haupunguzi ile asilimia 3. Mchezo unaweza kuwa wa haki kwa maana ya kutodanganywa, na bado ukawa na bei. Kasino nyingine hukata asilimia 1, na anayesisitiza kucheza ni afadhali achague hizo, kwa kuwa kwa mizunguko ile ile atalipa theluthi tu ya nilicholipa mimi.

Kuhusu bonasi sitasema mengi. Nilipewa mara moja dola 20 kwa sharti la kuzungusha mara 40, yaani dola 800 za madau. Asilimia 3 ya 800 ni dola 24. Nilikokotoa hivyo baada ya kuzipoteza.

Kilichobaki ni utaratibu wa pesa zenyewe, nao niliuchukua kutoka kabini. Simu ya kazi haina tena programu ya kasino wala mkoba wa kripto. Pesa za likelemba, yaani za kuchangiana kwa zamu, anazishika mke wangu, kwa ombi langu. Kila tarehe 1 niliweka dola 10 kwenye bahasha na kuziandika kwenye daftari la nyumba chini ya matumizi, pamoja na nywele na mechi za Mazembe, na dola hizo zilipoisha tarehe 6 nilisubiri siku 24. Mwezi wa kwanza nilisubiri kwa shida, nikilala na kuamka nikifikiria mizunguko. Mwezi wa nne nilisubiri bila shida. Mwezi wa tisa, ambao ulikuwa Februari 2024, nilikuta bahasha ya Januari bado ina dola zote 10 ndani, nikaziacha hapo.

Binamu yangu bado anacheza, naye anakuja kabini Jumamosi jioni wakati wa kufunga. Ninapomaliza kuhesabu fedha za mkononi na za ndani ya simu, ananipa daftari lake, na mimi ninaanza kwa kutazama safu ya tatu. Wiki iliyopita alikuwa ameiacha wazi kwa vikao viwili. Nilimrudishia pamoja na kalamu, akafungua historia ya madau kwenye simu yake, na tukaanza kuyajumlisha moja baada ya jingine.